Reli Iliyojengwa kwa Akili ya Mfereji

Katika nyanda za juu za Derbyshire, katikati ya Uingereza, ipo njia ya changarawe yenye urefu wa kilomita 28 hivi, inayoanzia penye mfereji wa zamani wa Cromford na kukomea Dowlow, karibu na mji wa Buxton, ambayo gari halipiti juu yake usiku wala mchana, na ambayo mpanda baiskeli aweza kuifuata asubuhi nzima akiwa na kondoo na kuta za mawe kwa majirani, bila ya kusikia honi hata moja nyuma yake. Vilima vimeizunguka pande zote, vikipanda na kushuka bila ya mpango; hata hivyo njia yenyewe, mtu akishaufikia uwanda wa juu, hukaa sawasawa maili baada ya maili, ikikizunguka kila kilima badala ya kukipanda. Wageni aghalabu huambiwa kwamba usawa huo umetokana na reli, kwani palipo na changarawe leo palipita garimoshi zamani, na jawabu hilo ni la kweli ila si kamili, maana reli nyingi za nchi ile hupanda na kushuka taratibu kadiri ardhi inavyopanda na kushuka, wala hazina desturi hii ya kukaa sawa kwa muda mrefu kisha kuporomoka ghafula kwa mteremko wa kuogofya. Sababu ya asili ni kuwa watu walioichora njia hii, katika miaka ya 1820, walikuwa mabingwa wa mifereji, nao walipokubali kujenga reli waliijenga kwa akili ya mfereji.

Ili jambo hili lifahamike, hapana budi kuitazama nchi yenyewe. Sehemu ya kusini ya Peak, eneo hilo la vilima, huitwa White Peak, nayo ni uwanda ulioinuka wa mawe ya chokaa, uliopasuliwa na mabonde membamba yenye kingo za wima, na pande zake mbili zilikuwa, mwishoni mwa karne ya 18, zimekwisha fungamana na biashara ya dunia. Upande wa kusini-mashariki, mahali paitwapo Cromford, Richard Arkwright alisimamisha mwaka 1771 kiwanda cha kusokota pamba kwa nguvu za maji, na mwaka 1794 ukafunguliwa Mfereji wa Cromford, ambao mashua zake zilichukua makaa, risasi, mawe ya chokaa na bidhaa za viwanda. Upande wa kaskazini-magharibi, penye mji mdogo wa Whaley Bridge, palikuwa pamefika Mfereji wa Peak Forest, ambao kwao mtu hufika Manchester. Baina ya Cromford na Whaley Bridge, kwa mwendo wa kunguru, hapatimii kilomita 40; lakini mashua iliyotaka kutoka huku kwenda kule ililazimika kuzunguka kusini hata bonde la mto Trent, safari ya siku nyingi, huku wenye viwanda wakihesabu hasara.

Basi fikra iliyowajia kwanza ilikuwa ile ambayo ingemjia kila mtu wa zama zile, kuchimba mfereji wa tatu uvuke vilima na kuunganisha ile miwili. Fikra hiyo ilizungumzwa kwa miaka na kila mara ikakwama pale pale, kwenye maji. Mawe ya chokaa hunywa maji. Mvua inyeshayo juu ya uwanda ule huzama katika nyufa zake na kutokea chini mabondeni, hata wakulima wa huko walizoea kuchimba vidimbwi na kuvisakafia kwa udongo wa mfinyanzi ili ng'ombe wao wapate cha kunywa. Mfereji unaopandishwa mlimani hutaka maji kila mashua inapopita kwenye malango yake, na juu ya White Peak maji hayo hayakuwapo, wala hapakuwa na namna ya kuyafikisha kwa gharama ambayo mwenye mali angekubali kuitoa.

Hapo ndipo alipoitwa Josias Jessop, mwana wa William Jessop, ambaye baba mtu alikuwa miongoni mwa wajenzi wakubwa wa mifereji nchini Uingereza na mmoja wa waasisi wa kiwanda cha chuma cha Butterley. Josias alipendekeza reli, akakisia gharama yake kuwa pauni 155,000 hivi, na sheria ya kuiruhusu Kampuni ya Cromford and High Peak ikapitishwa na Bunge mwezi wa Mei mwaka 1825. Tarehe hiyo yafaa izingatiwe. Reli ya Stockton na Darlington, ambayo watu huihesabu kuwa mwanzo wa zama za garimoshi, ilikuwa bado haijafunguliwa, na ile ya Liverpool na Manchester ilikuwa bado haijaanza kujengwa. Kwa hiyo hapakuwa na mhandisi ambaye angeweza kuwaahidi wenye hisa, kwa dhamiri safi, kwamba mtambo wa mvuke wenye magurudumu ungeweza kuvuta mizigo mlimani. Jessop alijenga kwa kile alichokijua. Alichukua mpango wa mfereji, ambao hukaa sawa kabisa mpaka ufike mahali pa kupanda, kisha ukapanda mara moja kwa malango yaliyofuatana, akaondoa maji, akaweka vyuma mahali pake. Na palipopaswa kuwa na malango akaweka mteremko mkali wenye mtambo wa mvuke uliosimama juu yake, ukiyavuta mabehewa kwa minyororo. Reli nzima ikawa kama ngazi, yenye vidato vifupi vya wima na mapumziko marefu baina yao, na juu ya mapumziko hayo mabehewa yakavutwa na farasi, kama mashua zilivyovutwa na farasi katika mifereji yote ya nchi. Hata vituo vyake vya mizigo huko juu ya mlima, maili nyingi kutoka penye maji, viliitwa gati.

Josias hakuiona kazi yake ikitimia, kwani alifariki mwaka 1826. Sehemu ya kwanza, kutoka Cromford hata Hurdlow, ilifunguliwa Mei 1830, na iliyobaki hata Whaley Bridge ikafunguliwa Julai 1831, jumla yake maili 33, ikianzia chini bondeni, ikipanda hata mita 386 juu ya usawa wa bahari mahali paitwapo Ladmanlow, kisha ikishuka upande wa pili. Na katika mapumziko marefu ya ngazi ile ndimo ilimozaliwa raha anayoipata leo mpanda baiskeli. Maana ili njia ikae sawa ilibidi ifuate mwinuko ule ule wa ardhi kama mfereji ufanyavyo, ikiingia katika kila kibonde na kutoka. Karibu na kilima cha Minninglow, ambacho juu yake yamo makaburi ya mawe ya watu wa kale sana, ipo kona iitwayo Gotham, ambapo reli iligeuka kwa duara lenye nusu kipenyo cha mita 50 tu, kona kali mno kwa garimoshi, na mabehewa marefu yaliwatia taabu watu wa reli kwa zaidi ya karne nzima. Mwenye baiskeli huigeuka bila hata ya kugusa breki. Hapo hapo jirani yako matuta makubwa yaliyoinuliwa kwa mawe makavu, yaliyopangwa kwa mkono bila ya chokaa baina yao, nayo yamesimama tangu kabla ya Malkia Victoria kutawazwa. Na atakayeshuka katika baiskeli yake akayatazama kwa chini ataona jinsi kila jiwe lilivyochaguliwa kwa jirani yake, kazi ya watu ambao majina yao hayakuandikwa popote.

Kati ya miteremko yote, ule wa Middleton ndio unaostahili kusimamiwa kwa muda. Ardhi pale hupanda hatua moja kwa kila hatua nane hivi za kwenda mbele, na juu kabisa imesimama nyumba ya mawe yenye dohani ndefu, ambamo umo mtambo uliotengenezwa na kiwanda cha Butterley mwaka 1829. Una mihimili miwili mikubwa ya chuma, kila mmoja ukiinuliwa na kushushwa na pistoni yake, na kazi ya yote miwili ni kuzungusha gurudumu moja kubwa lililolazwa chini ya sakafu, ambalo mnyororo, na baadaye kamba ya waya, ulilizunguka ukashuka mlima mpaka chini na kurudi. Mabehewa yaliyopanda yalifungwa upande mmoja, yaliyoshuka upande wa pili, ili uzito wa haya uyasaidie yale, na mtambo ulihitajika kutoa tofauti yake tu. Uchumi wa nguvu ambao wahandisi wa sasa hawawezi kuuona kuwa ni wa kijinga. Mtambo huo ulifanya kazi hiyo moja, mahali hapo pamoja, tangu enzi ya farasi hata mwaka 1963. Ungaliko, umetengenezwa na kutunzwa na watu wa kujitolea, na kwa siku maalumu huzungushwa ili watu wauone, ijapokuwa kwa nguvu za hewa iliyoshindiliwa badala ya mvuke.

Kamba hukatika, na mabehewa yanapokatikiwa kwenye mteremko wa namna hii hayana wa kuyazuia. Mteremko wa kwanza kutoka mferejini, uitwao Sheep Pasture, una zaidi ya kilomita moja, na chini yake hugeuka kona ndogo kabla ya kufika penye mfereji. Mwaka 1888 mabehewa mawili yalifunguka juu, yakashuka kwa kasi ambayo hapakuwa na wa kuipima, yakaishinda ile kona, yakaruka angani juu ya mfereji na juu ya njia mbili za reli ya Midland iliyopita kando yake, yakaangukia shambani upande wa pili. Baada ya hapo kampuni ilichimba shimo refu katikati ya njia, karibu na chini, na kumweka mtu wa zamu aliyetazama kasi ya kila kundi la mabehewa, ili yatakayokuwa yameponyoka yaelekezwe humo. Shimo hilo lingaliko kando ya njia, na ndani yake mna vyuma vilivyopinda vya behewa lililoangukia humo lisitolewe tena.

Farasi nao waliondoka kidogo kidogo, mahali pao pakashikwa na magarimoshi katika sehemu zilizokaa sawa, na mwaka 1877 garimoshi likaanza kuupanda mteremko wa Hopton kwa magurudumu yake bila ya kamba, ijapokuwa mteremko ule hupanda hatua moja kwa kila kumi na nne, nao ndio uliokuja kuwa mkali kuliko yote iliyopandwa kwa namna hiyo katika reli za Uingereza. Kwa miongo michache reli hii ilichukua hata abiria, nao iliwabidi washuke penye miteremko na kuipanda kwa miguu. Mizigo yake ya kweli ilikuwa makaa yakipanda na mawe ya chokaa yakishuka. Na jambo ambalo mimi huliona kuwa ni la ajabu kuliko yote ni kwamba ilichukua pia maji. Matangi ya maji yalijazwa chini Cromford, yakavutwa juu kwa kamba, yakapelekwa kwenye mitambo, kwenye machimbo na kwenye nyumba za uwanda ule mkavu, na kazi hii iliendelea mpaka miaka ya mwisho ya reli. Maji yaliyouzuia mfereji usichimbwe yakaja kuwa shehena ya kile kilichochukua nafasi ya mfereji.

Kampuni yenyewe haikupata kutajirika. Ilikodishwa mwaka 1862 kwa London and North Western, ikamezwa nayo mwaka 1887, na miaka michache baadaye sehemu kubwa ya upande wa Whaley Bridge ikaachwa. Mwaka 1899 ikafunguliwa njia mpya kutoka Buxton kwenda Ashbourne, iliyoitumia reli ya zamani hata Parsley Hay kisha ikaachana nayo na kuelekea kusini kupitia kijiji cha Tissington. Lakini vijiji vya huko vilikuwa vidogo na vituo vilikuwa mbali navyo, na treni za kila siku za abiria zikakoma mwaka 1954. Ripoti ya Dakta Beeching ya mwaka 1963, iliyopendekeza kufungwa kwa maelfu ya maili za reli nchini kote, iliikuta High Peak ikiwa tayari mgonjwa wa siku nyingi. Mteremko wa Middleton ulifungwa mwaka huo huo, na mwaka 1967 garimoshi la mwisho likaondoka katika njia yote ya Cromford hata Parsley Hay, na ile ya Ashbourne nayo ikafungwa katika miaka hiyo hiyo.

Sasa, reli zilizokufa zilikuwa nyingi Uingereza miaka ile, na nyingi zilipotea. Madaraja yalibomolewa, mikato ya mlima ikajazwa taka, na vipande vya ardhi vikauzwa kwa kila mwenye shamba aliyepakana navyo. Kwamba hii haikupotea ni kwa sababu ya historia nyingine iliyokuwa ikiendelea katika vilima hivyo hivyo, nayo ni ya wafanyakazi wa Manchester na Sheffield na haki yao ya kutembea. Tarehe 24 Aprili 1932 mamia ya vijana walipanda Kinder Scout, kaskazini ya nchi hii, mlima uliokuwa umefungwa na wenye mali kwa ajili ya kuwinda ndege, na watano wao wakatiwa gerezani. Kiongozi wao, Benny Rothman, alifika mkutanoni kwa baiskeli, maana askari walikuwa wakimngoja kwenye stesheni ya reli. Madai yale hayakusahauliwa. Sheria ya Hifadhi za Taifa ikapitishwa mwaka 1949, na mwaka 1951 Peak ikawa hifadhi ya taifa ya kwanza ya Uingereza, ikiwa na bodi yake ya mipango yenye mamlaka na bajeti. Waendesha baiskeli nao hawakukaa kimya. Mwaka 1955 kiliundwa katika mji wa Leominster chama cha Rough Stuff Fellowship, cha watu waliokwisha choshwa na barabara za lami zilizojaa magari, ambao walipeleka baiskeli zao za kawaida kwenye njia za kondoo na mapito ya milimani, wakizibeba mabegani palipokuwa pagumu. Na mtu anayenunua leo baiskeli ya changarawe, yenye usukani uliopinda na matairi mapana, na akadhani kuwa ameingia katika jambo jipya, yafaa ajue kwamba wazee hao walimtangulia kwa nusu karne. Kisha ikaja Sheria ya Mashambani ya mwaka 1968, iliyowapa wenye baiskeli haki ya kupita katika njia za farasi, kwa sharti la kuwapisha wapandao farasi na waendao kwa miguu.

Kwa hiyo ardhi ya reli ilipotolewa kuuzwa walikuwapo wanunuzi waliojua wanataka nini. Bodi ya hifadhi na Baraza la Kaunti la Derbyshire waliinunua, wakang'oa yaliyobaki, wakatandaza mawe ya chokaa yaliyosagwa na kushindiliwa, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 njia mbili, High Peak na Tissington, zikawa wazi kwa miguu, kwato na magurudumu yasiyo na injini. Zilikuwa miongoni mwa za kwanza za namna yake nchini, na kile ambacho hawakukifanya kina thamani sawa na walichokifanya, maana hawakuligawa shamba kwa shamba. Reli iliyokatwa vipande haiwezi kuunganishwa tena. Thamani yake yote ni kule kuendelea kwake. Penye barabara kuu ya Ashbourne na Buxton, ambako magari na malori ya machimbo hupita kwa kasi, wajenzi wa mwaka 1830 walikwisha chimba handaki fupi la Newhaven kupita chini yake, na leo mtoto wa miaka minane hupita humo na baiskeli yake huku malori yakinguruma juu, mzazi wake asiwe na haja ya kumshika. Usalama wa namna hii hauwezi kununuliwa kwa rangi iliyochorwa kando ya lami.

Parsley Hay, njia mbili zinapokutana, hukodishwa baiskeli, na mgeni aliyefika bila ya chombo aweza kuchagua: kusini-mashariki kwa njia ya zamani hata Minninglow na Middleton, au kusini kwa njia ya Tissington, ambayo hushuka polepole kilomita 21 hata Ashbourne. Mimi ningemshauri achukue ya zamani, na akifika Hopton na Middleton ashuke, aikokote baiskeli yake kwa heshima; si kwa kuwa hawezi kuteremka, bali kwa kuwa changarawe juu ya mteremko ule haina rehema na breki, na kwa kuwa mwendo wa miguu ndio humwonyesha mtu uzito uliovutwa hapo. Mahali pengine kando ya njia yaonekana mawe ya mraba yenye mashimo katikati, ambayo juu yake vilifungwa vyuma vya kwanza, kabla ya kutumika mataruma ya mbao. Mawe hayo yaliwekwa mbalimbali, pasiwe na kitu baina yao, ili farasi apate kukanyaga.

Mfano wa njia hizi uliigwa upesi kwingine, na jirani yao wa karibu ni Monsal. Hiyo ilikuwa reli kubwa ya Midland, iliyopitishwa katika bonde la mto Wye mwaka 1863, ambayo baadaye mwandishi John Ruskin aliilaani kwa kuharibu uzuri wa bonde, na iliyofungwa mwaka 1968 baada ya daraja lake lenyewe kuwa sehemu ya uzuri ule. Njia ya miguu ilifunguliwa humo mwaka 1981, lakini mahandaki yake yalibaki yamezibwa mpaka mwaka 2011, yalipotiwa taa, na tangu hapo baiskeli zikaweza kupita kutoka kiungani mwa Bakewell mpaka Chee Dale bila ya kuigusa barabara.

Hata hivyo Monsal ina mashtaka juu yake. Wapo watu, nao si wachache wala si wapumbavu, wanaodai kwamba reli ile irudishwe, ili Manchester na miji ya mashariki iunganishwe tena na malori ya mawe yapungue; na wapo maelfu wanaoitumia njia ile kwa baiskeli ambao wangeipoteza siku ile ile. Huko Dowlow hoja hii ina mfano wake hai, kwa kuwa njia ya High Peak hukomea pale kwa sababu nzuri: kuanzia hapo kwenda Buxton reli haikufa, na treni za machimbo zingali zinachukua mawe ya chokaa juu ya vyuma. Kwa rai yangu anayetetea baiskeli hana haki ya kuichukia treni, maana bila yake asingekuwa na njia. Lakini mwenye kutaka treni naye anapaswa kukiri kwamba ardhi hiyo imebaki nzima mpaka leo kwa kuwa watembeao na wapandao baiskeli waliilinda kwa miongo kadhaa wakati hapakuwa na mwingine aliyeitaka, na mpango wowote wa kurudisha vyuma ambao hautoi, katika michoro yake ya kwanza na katika hesabu yake ya kwanza, njia nyingine ya changarawe iliyo sawa na salama kando yake, hautakuwa umewatendea uadilifu.